Mtoto Akiulizwa Kama Amekula

Nilivuta pazia. Sikubisha hodi, sikukohoa, sikusema "samahani, Daktari" kama nilivyokuwa nimesema asubuhi zote za nyuma. Nilishika kile kitambaa cha bluu kilichotenga ofisi ya mkuu wa kituo cha afya na ukumbi wa wagonjwa, nikakivuta mpaka pete zake zikalia kwenye waya, na huko ndani nikamkuta mzee mzima amegeukia ukutani, shavu limejaa andazi, kikombe cha chai ya maziwa amekificha nyuma ya kopo la pamba. Aliponiona alishusha mkono chini ya meza. "Unakula, Daktari?" nikamuuliza. Akameza kwa shida. "Hapana, Madamu," akasema. Chenga za andazi zilikuwa kwenye masharubu yake. Nyuma yangu benchi zima la wagonjwa lilikuwa linatazama. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na Zaina wangu nimemshika mkono, tumbo lake limemtangulia kama la mjamzito. Nikasema kwa sauti ambayo mume wangu alidai baadaye kwamba aliisikia gerejini kwake: "Mtu mzima, umesoma, una koti jeupe, unadanganya juu ya andazi. Sasa mtoto wa miaka sita ulitaka aseme nini?"

Siku hizi jambo hili linasimuliwa kama kichekesho. Mwezi uliopita tulimzika Dafroza, aliyekuwa muuguzi wa kituo kile, na siku zile za kukaa msibani kwake Gikondo, Kigali, nilikwenda na Zaina, ambaye sasa ni mama wa watoto wanaonizidi kimo. Tuliketi kwenye viti vya plastiki uani, watu wanaongea kwa sauti ya chini, na binti wa marehemu akaja kunishika mikono. Aliponiuliza nilimjuaje mama yake nikasema tulijuana Gatsata, miaka ya vita vya mwanzo. Akanitazama vizuri. "Ni wewe mama wa pazia?" akauliza. Waliokuwa karibu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachowapumzisha watu, na Zaina naye akacheka. Nilicheka nao. Lakini nilipofika nyumbani na kuvua viatu hasira ikanirudia, ile ile, kama vile haikuondoka, ilikuwa imelala tu. Kwa sababu katika kichekesho chao mimi nimebaki mwanamke mwenye mdomo na yule mkuu amebaki mlafi, na hakuna anayekumbuka tulikuwa tunagombania nini. Tulikuwa tunagombania vidonge vya kichocho. Mtoto wangu alikuwa anatoka damu. Basi acha niliandike mwenyewe, kwa mpangilio wake.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Ukoo wangu na jinsi nilivyofika Gatsata havihusiki hapa. Tulikuwa na vyumba viwili juu ya bonde, nusu tofali la kuchoma na nusu la udongo, chumba cha mbele kikinuka grisi kwa sababu mume wangu, fundi wa magari, alining'iniza ovaroli yake nyuma ya mlango. Mlango ule ukiufungua unaona bonde lote la Nyabugogo: wafyatua matofali, moshi wa tanuri zao, matuta ya viazi vitamu, na katikati ya matuta maji yaliyotulia, ya rangi ya chai. Watoto wetu waliishi kwenye maji yale. Walikwenda kuwakatia sungura majani, wakaoga, wakatafuta udongo wa kufinyangia magari, wakarudi miguu imekauka matope mpaka magotini. Hakuna mama aliyewakataza. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, najua kupiga taipu, nangoja kazi ambayo haikuja, na badala ya kazi akaja mtoto wa pili. Nilikuwa nyumbani kutwa, na hasira yangu ya siku zile haikuwa na anwani. Nilimgombeza kila mtu, mpaka jiko.

Zaina alianza kulalamika tumbo kabla mdogo wake hajazaliwa. Nikimwambia jirani, ananijibu: ni minyoo. Kwetu minyoo haikuwa ugonjwa, ilikuwa kitu ambacho kila mtu anacho, kama kitovu. Mama Fils, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alinikamulia mwenyewe majani ya mubirizi, machungu hata harufu yake, tukamnywesha Zaina alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni, maana dawa ya minyoo hunywewa tumbo likiwa tupu ili imkute mnyoo naye ana njaa. Ndivyo tulivyolelewa sote. Zaina alikunywa bila kulia. Tumbo halikupungua. Siku moja akaniita chooni, akanionyesha kwa kidole. Ilikuwa damu. Nilimfunika macho kwa kiganja, sijui kwa nini macho yake na si yangu.

Kwa hiyo Dafroza alipokuja na konseye, yaani diwani wa sekta yetu, na kipaza sauti, mimi nilikuwa mstari wa mbele. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, amebeba picha kubwa ya konokono iliyochorwa kwa rangi. Alisema ugonjwa huu si minyoo ya kawaida, ni kichocho, unatoka kwenye maji ya bonde, na konokono ndiye anayeuhifadhi. Wanawake wakatazamana. Mama Fils akanyoosha mkono. "Muganga," akasema, kama tulivyomwita kila mtu wa hospitali, "nisaidie. Huyo konokono anaingia tumboni kwa mwanangu kupitia wapi? Na ile nyumba yake iko mgongoni?" Tulicheka mpaka konseye akapiga makofi kutunyamazisha. Dafroza naye alicheka, na kwa kicheko kile nilimpenda. "Nyumba anabaki nayo majini, mama. Kinachotoka kwake ni kidudu hata jicho halikioni. Kinapita kwenye ngozi ya mguu." Mama Fils akatazama miguu yake. "Basi mimi nimekwisha," akasema. "Miguu yangu yote miwili iko bondeni tangu niolewe." Tukaambiwa vidonge vipo, vitaletwa kwenye uwanja wa shule, tulete watoto wote. Tuliambiwa siku na saa. Kuhusu chakula hatukuambiwa neno.

Asubuhi hiyo sikumpa Zaina kitu. Sitajieleza sana hapa: ilikuwa dawa ya tumbo, na dawa ya tumbo hunywewa kabla ya kula. Nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikamvika gauni la Idi. Uwanjani akina mama wote walikuwa wamefanya hivyo hivyo, watoto wanang'aa, wamepangwa mstari mmoja mpaka kwenye miti. Walipimwa uzito kwenye mizani, kisha wakapita mezani kwa Dafroza, na hapo kila mtoto aliulizwa swali moja: "Umekula?" Na kila mtoto akajibu: "Nimekula."

Msomaji ambaye hakulelewa Rwanda huenda asielewe, basi nieleze. Kwetu mtu hali njiani, hatafuni mbele ya watu, na mtoto aliyelelewa akiulizwa na mgeni kama amekula, anasema amekula. Hata kama utumbo umegandana. Kusema "sijala" ni kumvua mama yako nguo hadharani. Ni kuwaambia watu kwamba kwenu hamna kitu. Mtoto anafundishwa hili kabla hajafundishwa kufunga vifungo. Nilisimama hatua chache kutoka mezani nikamsikia Zaina wangu akijibu, macho chini, mikono imekunjwa: "Nimekula, muganga. Murakoze." Hata shukrani aliitia. Nilijaa fahari. Mama mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Huyo amefundwa," nikajifanya sikusikia ili aseme tena.

Walimeza vidonge vile vikubwa, vichungu, kwa maji ya kikombe cha bati. Wa kwanza kutapika alikuwa mtoto wa mfyatua matofali. Baadaye kidogo wakawa wengi, wamejikunja kwenye nyasi wanashika matumbo, na binti mmoja mkubwa alianguka kizunguzungu akalala macho yamegeuka. Zaina alitapika kwenye gauni la Idi, maji matupu na vidonge vyenyewe, vizima, nikaviona. Dafroza alikimbia huku na huku na ndoo, anasema, "Itapita, mama, itapita, walazeni ubavu." Na ni kweli ilipita; jioni wote walikuwa wanacheza. Lakini mwaka ule ulikuwa mwaka wa kuogopa. Kaskazini kulikuwa na vita, wakimbizi walikuwa wamelala chini ya maturubai pembeni ya mji, na kila redio ilikuwa na mtu anayekuambia nani anataka kukuua. Katika mwaka kama huo, mtoto akitapika baada ya kumeza kitu cha mgeni, neno liko tayari mdomoni. Mama Fils ndiye aliyelitamka. "Iko sumu," alisema, na hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. Mmoja akasema ni chama fulani, mwingine akasema ni chama kile kingine. Wanawake walinyang'anya mkebe wa vidonge vilivyobaki, wakavimwaga bondeni. Mizani ilipinduliwa. Gari la kituo likaondoka mlango wa nyuma ukiwa wazi, na Dafroza ndani amekumbatia picha ya konokono.

Sikumwaga vidonge. Nasema kwa sababu ni kweli. Wala sikuwazuia waliomwaga.

Dafroza alirudi, na alirudi peke yake, bila koti jeupe, amejifunga kitenge kama anakwenda kusalimia shangazi. Alisema amekuja kuwaangalia watoto waliotapika. Nilimweka chumba cha mbele, kwenye kiti kimoja chenye mto. Zaina aliletwa, Dafroza akambonyeza tumbo, akamtazama kope kwa ndani. "Bado anatoka damu?" Nikasema bado. "Vidonge alivitapika?" Nikasema vyote. "Basi ni kama hakumeza," akasema, akakaa anatazama sakafu. Nilikuwa nina hasira naye na nilikuwa namhurumia, yote kwa pamoja. Nikamuuliza mlikuwa mnawapa nini watoto wetu. "Dawa nzuri, mama Zaina. Dawa hiyo ukiimeza na chakula tumboni unasikia kichefuchefu kidogo, basi. Ukiimeza na njaa inakuumiza. Ndiyo maana tulimuuliza kila mtoto. Kila mmoja. Wote walisema wamekula."

Jikoni maharage yalikuwa yameiva, na ndizi za kupika nilizozitia kitunguu na mafuta ya mawese, nyumba ilinukia. Nilisimama. "Karibu chakula, muganga." Akatikisa kichwa. "Asante, mama Zaina, nimekula." Na tumbo lake likanguruma. Lilinguruma kwa muda mrefu, kama mtu anayesogeza meza kwenye chumba cha pili. Kitoto changu mgongoni kikanyanyua kichwa. Mimi na Dafroza tulitazamana, na nadhani tulielewa kwa wakati mmoja, maana alijifunika mdomo kwa kitenge. "Yesu wangu," akasema polepole. "Tuliwauliza." Nilikwenda jikoni nikapakua sahani, nikaiweka kwenye stuli mbele yake bila neno, nikarudisha mlango, nikampa mgongo nikawa nambadilisha mtoto nepi. Ndivyo mgeni anavyolishwa kwetu: haulizwi, anawekewa, na hatazamwi. Nilipogeuka sahani ilikuwa nyeupe. Kupitia ukutani nikamsikia Mama Fils akimwambia mumewe, "Yule wa konokono yuko kwa Hadija, anakula. Sasa kama ni mtoa sumu, mbona anakula cha watu?"

Nilidhani mambo yamekwisha. Tatizo limejulikana, watu waje tena na vidonge, watoto wale kwanza. Nilimchukua Zaina nikashuka kituoni. Nikaambiwa ningoje. Nikangoja, mkuu akatoka akaniambia vidonge havipo. Nikarudi siku nyingine, akaniuliza, wewe si wa sekta ile ya bondeni? Sekta yenu imekataa dawa. Nikasema mimi sikukataa, niko hapa, mtoto huyu hapa. Akasema imeshaandikwa, wazazi wamekataa, vidonge vimepelekwa kwa wanaovitaka. Nilikwenda duka la dawa Muhima. Muuzaji hakuwa amewahi hata kuviona. Nikarudi kituoni tena. Kila siku kabla ya saa nne pazia lilifungwa na mhudumu akasema mkuu ana kazi. Zaina alikuwa amekuwa mwepesi. Nikimbeba nilihisi mifupa ya mbavu zake, na tumbo likawa kitu kingine kilichofungwa juu yake. Alikaa kwenye benchi lile bila kulia hata mara moja, na kila mtu mzima aliyepita akamuuliza hujambo, umekula, akajibu hajambo, amekula. Asubuhi moja nikamsikia akijibu hivyo kwa mwanamke aliyekuwa anapita tu, mwanamke asiyetuhusu. Na nyuma ya pazia nikasikia harufu ya chai na mafuta ya maandazi. Hapo ndipo niliposimama.

Kinachoachwa kwenye kichekesho ni kilichofuata. Yule mkuu hakunifukuza. Alijifuta masharubu kwa kitambaa, akamwambia mhudumu arudishe pazia, akanivutia kiti chake mwenyewe. Alikuwa mtu aliyechoka. Niliona kola yake imegeuzwa na kushonwa upya. "Madamu, keti," alisema. "Mtoto mchanga atakuumiza mgongo." Nikaketi. Nikamweleza yote: mubirizi, tumbo tupu, swali la mezani, majibu ya watoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa anatazama kiganja chake. "Mimi ndiye niliyewaagiza waulize hilo swali," akasema. "Na mimi ni mtu wa hapa hapa." Kisha akasema hana vidonge, na hilo halikuwa uongo, walio juu yake walisoma "wamekataa" wakahesabu eneo letu limekwisha. "Neno lililokwenda kwa karatasi halirudi kwa mdomo, Madamu. Hata mdomo kama wako. Umesoma?" Nikasema nimesoma. "Basi nilalamikie mimi, kwa maandishi. Nilalamikie kwa jina la cheo changu, na hilo lalamiko nitalipeleka juu mwenyewe." Akanipa karatasi nyeupe na karatasi ya kaboni.

Nilipokuwa nazikunja, alitoa andazi chini ya meza, lile lililobaki, akamnyooshea Zaina. "Chukua, mwanangu." Zaina akakunja mikono. "Nimekula, murakoze," akasema. Mkuu akanitazama, mimi nikatazama dari. Akaliweka andazi kwenye kona ya meza, akageukia ukuta akawa anasoma kalenda, mimi nikawa namfunga mtoto vizuri mgongoni. Kalenda ile aliisoma kwa makini sana. Tulipogeuka kona ya meza ilikuwa tupu na Zaina anatazama sakafu, mashavu yamejaa.

Malalamiko niliyaandikia nyumbani, mchana, mlango umefungwa, akina mama wamejaa chumba cha mbele mpaka kitandani. Kila mmoja alitaka neno lake liingie. "Andika kwamba sisi si wajinga," akasema mmoja. "Hiyo huandiki," akasema Mama Fils, "ukiiandika wanaanza kufikiri." Mama mwingine akataka tuwatishe kwa kumtaja konseye. Mama Fils akakataa hilo pia. Kisha akasema, "Andika kwamba niliwaita watu wa sumu, na kwamba sirudii." Nikamuuliza ana uhakika. "Mwanangu naye anatoka damu, Hadija. Sikukuambia." Nikaandika. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba, wino tulitumia wa taipu, na vidole vyao vilibaki na rangi siku kadhaa, wakawa wanaonyeshana bombani. Wengi wa wenye vidole vile hawapo. Yaliyowapata miaka miwili baadaye yana sura yake, na sitayachanganya na haya. Nakala yangu ya kaboni ilipotea pamoja na nyumba. Lakini maneno nilikuwa nimeyasoma kwa sauti mara nyingi chumbani mle, mpaka kila mmoja akaridhika, na ninayo kichwani. Niliyapeleka mwenyewe, nikayaweka mezani, mkuu akayagonga muhuri wa kupokea mbele yangu.

*Kwa Mkuu wa Kituo cha Afya, na kwa wakubwa wake wote.*

*Jambo: Malalamiko juu ya neno "wamekataa".*

*Sisi akina mama wa kando ya bonde tunalalamika kwamba imeandikwa tulikataa dawa ya kichocho. Si kweli. Tuliwaleta watoto wetu wenyewe, mapema, wameoga. Watoto walimeza. Waliotapika walitapika kwa sababu matumbo yao yalikuwa matupu, na yalikuwa matupu kwa sababu hakuna aliyetuambia sisi kwamba wale kwanza. Mliwauliza watoto. Mtoto wa hapa akiulizwa na mtu mzima kama amekula, atasema amekula. Tumemfundisha hivyo na hatutaacha kumfundisha. Hata nyinyi mlifundishwa hivyo.*

*Baada ya hapo tuliogopa, na baadhi yetu tuliwaita wauguzi watu wa sumu na kumwaga dawa. Kwa maneno hayo na kwa dawa iliyomwagwa tunaomba msamaha. Kwa kuogopa hatuombi msamaha.*

*Tunadai vidonge virudi kabla mvua haijajaza bonde. Tangazo litaje chakula kabla ya kutaja dawa. Uji tutaupika sisi, kwa sufuria zetu na kuni zetu. Siku hiyo mtoto asiulizwe kitu. Aingizwe darasani, mlango urudishwe, awekewe kikombe mbele yake, na watu wazima watazame pembeni mpaka amalize. Ndipo apewe dawa.*

*Majina ya watoto wanaotoka damu yako nyuma ya karatasi hii. La kwanza ni la Zaina, la pili ni la Fils. Tunataka neno "wamekataa" lifutwe mahali pote lilipoandikwa. Na kama ni lazima pale paandikwe kitu, andikeni kwamba tunangoja.*